Msifunge msahafu kwenye aya ya 34: barua ya wazi kwa mashehe na mabaraza ya ndoa Kigoma

Kwa mashehe wa mkoa na wilaya, maimamu wa misikiti ya Ujiji, Mwanga na Kibirizi, na wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa za Kiislamu, Kigoma.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baba zangu na kaka zangu,

Miongoni mwenu wapo walionisomesha, na wapo ambao watoto wao nimewasomesha mimi. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nafundisha madrasa hapa Ujiji, na mwanamke wa mtaani kwetu akifariki, mimi ni mmoja wa wanaoitwa kumuosha. Kwa hiyo nawaandikia nikiwa wa kwenu, na niliyoyaweka humu nimeyakalia siku nyingi kabla ya kuyatoa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mmoja wa Kibirizi kwenye baraza la usuluhishi. Jina lake nalisitiri, na baraza lenyewe silitaji. Mama huyu ameishi na mumewe miaka kumi na tisa, na Mungu amewajalia watoto watano. Usiku wa giza mume akiwa ziwani, alfajiri mke alikuwa ufukweni na beseni lake, anapokea dagaa, anawaanika, anawageuza, wingu likitanda anawakusanya mbio mtoto mgongoni. Mbalamwezi ikitoka na mitumbwi ikapumzika, yeye hakupumzika: alipika sabuni ya mawese akaiuza Mwanga. Ana daftari la shule ambalo ameandika kwa mkono wake magunia aliyouza, bei ya kila msimu, na wafanyabiashara waliompa fedha nusu wakaahidi kurudi. Bati za nyumba yao zimo humo. Saruji imo humo. Hata fundi wa choo yumo, na kiasi alicholipwa.

Talaka aliletewa kwa karatasi iliyokunjwa. Aliyetumwa kuileta ni mtoto wao wa pili, ana miaka kumi, hakujua amebeba nini. Karatasi ilisema talaka moja, na kwamba Magharibi isimkute ndani.

Barazani tuliketishwa karibu na mlango. Mzee mmoja ninayemheshimu alifungua msahafu, akasoma mwanzo wa aya ya 34 ya Surat an-Nisaa, kwamba wanaume ni wasimamizi wa wanawake, kisha akaufunga. Yaliyofuata hayakuchukua hata robo saa. Mama aliambiwa mahari yake alikwisha kuyala, edda, yaani muda wa kungoja baada ya talaka, akakae kwao, na nyumba ni ya mwenye kiwanja. Akauliza, kwa sauti ambayo nadhani ni mimi tu niliyeisikia vizuri, "Na bati, shehe?" Akajibiwa kuwa mume alimlisha miaka yote hiyo.

Njiani hakusema kitu. Tulipofika penye njia panda ndipo akaniuliza: "Mwalimu, ndivyo Kurani inavyosema?"

Nimeshindwa kulala na swali lile. Nawaletea ninyi, kwa sababu jibu lake mnalo na hamkumpa.

Nianze na kutolewa nyumbani. Surat at-Talaq, aya ya kwanza kabisa, inawakataza waume: msiwatoe katika nyumba zao, wala wao wasitoke, isipokuwa wamefanya uchafu ulio wazi. Mliosoma Kiarabu mnajua neno lililotumika ni *buyutihinna*. Nyumba *zao*, wanawake. Mwenyezi Mungu, anayejua kiwanja kiliandikwa jina la nani, ameinasibisha nyumba ile kwa mke hata baada ya talaka kutamkwa. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inaongeza: waakeni mnapokaa ninyi, kwa kadiri ya uwezo wenu, wala msiwadhuru ili kuwadhikisha. Hekima ya amri hii imeelezwa palepale, kwamba huenda Mwenyezi Mungu akaleta jambo jipya baada ya hayo. Watu wakibaki chini ya paa moja hasira hupoa. Mama akipelekwa kwao Kasulu na masanduku yake, patapatikana wapi jambo jipya?

Najua wanazuoni wamehitilafiana juu ya mwanamke aliyeachwa talaka tatu. Bibi Fatima binti Qays alisimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumpa makazi wala matumizi. Sayyidna Umar akakataa kukiacha Kitabu cha Mwenyezi Mungu kwa kauli ya mtu mmoja ambaye hajui amehifadhi au amesahau. Kutokana na tofauti ile, Hanafi wakampa mwanamke huyo makazi na matumizi, Shafii na Maliki wakampa makazi, Hanbali wakamnyima vyote viwili. Ikhtilafu hii naiheshimu na wanafunzi wangu wakubwa nawafundisha. Ila mama wa Kibirizi aliachwa talaka *moja*, ya kurejewa. Hapo madhehebu yote manne yanasema neno moja: makazi anayo na matumizi anayo mpaka edda iishe. Nani basi aliyemtoa? Sijaona imamu hata mmoja aliyefanya hivyo. Imemtoa mila, ikavaa kanzu.

Jambo la pili ni kitoka nyumba, mata'a. Al-Baqara 241 inasema wanawake walioachwa wapewe kitu cha kuwaliwaza kwa wema, na kwamba hiyo ni haki juu ya wachamungu. Hapa pia maimamu wamesoma aya kwa namna mbalimbali. Imam Malik aliliona ni jambo la kupendeza, halilazimishwi. Abu Hanifa aliliwajibisha kwa mke aliyeachwa kabla ya kuingiliwa na ambaye mahari yake hayakutajwa. Na sisi? Sisi watu wa Ujiji tangu babu zetu ni Shafii, na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho baadhi yenu mmekisoma chote mbele ya masheikh wenu, ameitaja kauli yenye nguvu zaidi ya madhehebu yetu: mke aliyeingiliwa kisha akaachwa, mata'a ni wajibu juu ya mume. Wajibu, kama deni.

Masheikh wangu, nimehudhuria mabaraza manane au tisa nikiwa na wanawake. Neno mata'a sijalisikia likitamkwa hata mara moja. Tukihitimisha dua tunasema sisi ni Shafii. Tukisoma qunuti ya Alfajiri tunasema sisi ni Shafii, na anayeiacha tunamtazama vibaya. Madhehebu yanapomdai mwanamume fedha ndipo tunayasahau.

Sasa nirudi kwenye aya ya 34 yenyewe, kwa maana ndiyo iliyosomwa. Neno *qawwamuna* limetafsiriwa kwa Kiswahili mara wasimamizi, mara walinzi, na wapo wafasiri waliolifahamu kuwa ni mamlaka, na wengine, hasa wa zama hizi, kuwa ni jukumu la kuhudumia. Mimi si mufassir, mfasiri wa Kurani, sitawaamulia. Ninachowaomba ni msome mpaka mwisho wa sentensi, kwa sababu aya yenyewe imetoa sababu mbili, na ya pili ni "kwa mali zao wanazotoa". Usimamizi umefungamanishwa na kutoa. Wanazuoni wetu wa Kishafii waliifahamu hivyo kwa uzito kiasi kwamba mume akishindwa kabisa kumlisha mke, walimpa mke haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Hanafi hawakumpa. Kule India, ambako Waislamu wengi ni Hanafi, wanawake walipokwama katika ndoa za namna hiyo, wanazuoni wao walikwenda kuchukua fatwa kwa Maliki ili kuwafungulia, na jambo hilo likaingia katika sheria ya mwaka 1939. Wanaume wenye ndevu nyeupe, Hanafi tangu kuzaliwa, walivuka kwenda madhehebu mengine kwa ajili ya mwanamke aliyeonewa. Ninyi hamlazimiki hata kuvuka. Mlicho nacho nyumbani kinatosha.

Basi ikiwa nyumba ile imejengwa kwa fedha za mikono minne, tunamwambiaje mmoja kwamba alikuwa akilishwa tu? An-Nisaa 32 inasema wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Kuchuma ni neno la kazi. Kuanika dagaa ni kuchuma.

Hapa najua nitaambiwa naleta mambo ya Beijing, ya ule mkutano wa dunia wa wanawake. Nimeambiwa tayari. Sikufika Beijing, na hoja yangu nimeitoa kwa Waislamu wenzetu wa Kishafii. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, wanafuata Imam Shafii kama sisi. Huko wana jina la mali ambayo mume na mke wameichuma pamoja, na mkusanyo wao wa sheria za Kiislamu wa mwaka 1991 unampa kila mmoja nusu ya mali hiyo ndoa inapovunjika, isipokuwa walikubaliana vinginevyo. Malaysia nao wanayo, na mahakama zao za sharia huamua kila mmoja anastahili kiasi gani kwa kuangalia mchango wake. Hawakusema wamebadilisha dini. Walisema mke aliyelima mpunga pamoja na mumewe ana haki katika mpunga.

Na nchi yetu wenyewe imelisema hili zamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisikiliza shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, wote Waislamu, ikaamua kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vibaya. Lakini mlango alioufungua haujafungwa tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, inaitaka mahakama iangalie mchango wa fedha, mali au kazi. Na kifungu cha 107 kinatambua talaka ya Kiislamu, lakini baada ya baraza kushindwa kupatanisha ni mahakama inayotoa amri ya talaka. Kwa hiyo mnapomwandikia mwanamke barua kwamba usuluhishi umeshindikana, barua hiyo ndiyo funguo yake ya mahakamani. Mama wa Kibirizi hakupewa barua. Aliambiwa yamekwisha.

Naomba nikae kidogo kwenye mirathi, kwa sababu huko ndiko ninakokutana na machozi mengi zaidi, kazi yangu ya kuosha maiti ikinifikisha misibani.

Mnaijua hadithi ya mjane wa Saad bin ar-Rabii. Mumewe aliuawa katika vita vya Uhud, akaacha mabinti wawili, na ami yao akaichukua mali yote. Mama yule hakukaa kimya. Aliwachukua mabinti zake akaenda nao kwa Mtume, akamweleza kwamba mabinti hawataolewa ila wawe na mali. Mtume akamwambia Mwenyezi Mungu atalihukumu hilo. Aya za mirathi zikashuka, na ami akaitwa: wape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni (moja ya nane), kinachobaki ni chako. Kila ninapoisomesha hadithi hii nawaambia wanafunzi waangalie mpangilio wake. Malalamiko ya mwanamke yalitangulia, na aya ikafuata.

Sasa njooni kwenye msiba wa Ujiji siku ya arobaini. Sidai thumni iwe nusu. Mafungu ya Kurani nayakubali kama yalivyo. Nadai thumni yenyewe itolewe, na itolewe baada ya mambo mawili ambayo Kurani imeyatanguliza: wasia na deni. Mahari yaliyobaki bila kulipwa ni deni juu ya marehemu. Mali ya mke iliyochanganyika na ya mume si urithi kabisa, ni yake, hairithiwi na mtu naye yu hai. Chukueni nyumba ya milioni 24. Ikihesabiwa yote kuwa ya marehemu aliyeacha watoto, mjane anapata thumni, milioni 3. Ikiwa nusu ya nyumba ni jasho lake, basi milioni 12 ni zake kwanza, kisha anapata thumni ya milioni 12 zilizobaki, yaani milioni moja na nusu. Milioni 3 na milioni 13 na nusu: kati ya hesabu hizi mbili ndipo mwanamke anapobaki na chumba au anakwenda kupanga.

Na hata hiyo milioni 3 wengi hawaioni. Nimeona ndugu wa marehemu wakishika sharia pale inapomfanya binti apate nusu ya fungu la kaka yake, kisha shamba la michikichi likitajwa wakashika mila, kwamba mwanamke harithi shamba la ukoo. Dini na mila zikabadilishana zamu, na kila zamu aliyepoteza ni mwanamke yuleyule. Surat an-Nisaa aya ya 7 imesema wanawake wana sehemu katika walichoacha wazazi na jamaa, *kiwe kidogo au kingi*, sehemu iliyofaradhishwa. Michikichi haikubaguliwa.

Juu ya kupiga nitasema machache, na nayasema nikiwa nimewaosha wanawake wenye alama. Mnajua kauli za waliotangulia: imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba pigo lililotajwa katika aya hiyo ya 34 ni kama kwa mswaki, na mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabah akasema mume asimpige mkewe, amkasirikie tu. Bibi Aisha amesema Mtume hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Ninyi mnaoketi mimbari, mwanamke akija na jicho lililovimba, mkianza kwa kumuuliza alimkosea nini mumewe, mmekwisha kuhukumu.

Hili linanipeleka kwenye baraza lenyewe. An-Nisaa 35, aya inayofuata tu baada ya ile iliyosomwa, inaagiza mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Siku ile walioketi walikuwa watano, wote wanaume, wote wanaswali na mume. Wa upande wa mke alikuwa nani? Sheria ya Ndoa inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na haikusema wawe wanaume. Wanaosema mwanamke haamui wana wanazuoni wao, siwakani. Lakini Abu Hanifa alimkubali mwanamke kuhukumu katika mambo ambayo ushahidi wake unapokelewa, zikiwamo mali, na imepokewa kwa Ibn Jarir at-Tabari kwamba alilikubali kwa jumla. Wala hapa hatuzungumzii hata ukadhi. Ni kupatanisha na kusikiliza. Kuna mambo ya ndani ambayo mama yule hakuyasema mbele ya wanaume watano na hatayasema.

Mnamkumbuka Khawla binti Thaalaba. Mumewe alimwambia yeye kwake ni kama mgongo wa mamake, neno ambalo desturi ya Waarabu ilimfanya mke awe si mke wala si mwachwa. Akaenda kwa Mtume akajadiliana naye, akarudia, akamshitakia Mwenyezi Mungu. Bibi Aisha alikuwa chumba hicho hicho na anasema baadhi ya maneno yake hakuyasikia. Kisha ikashuka: Mwenyezi Mungu amekwisha kusikia kauli ya yule anayejadiliana nawe juu ya mumewe. Sura nzima ikaitwa al-Mujadila.

Ombi langu ni hili. Kabla ya kuandika talaka yoyote, baraza limuulize mume kwa sauti: edda atakaa wapi, mata'a ni kiasi gani, na mali mliyochuma pamoja ni ipi? Majibu yaandikwe, kila upande upewe nakala. Mwanamke mmoja au wawili wenye elimu wakae ndani ya baraza kama wajumbe. Wapo, na baadhi yao ni binti zenu mliowasomesha. Na khutba mbili tatu za Ijumaa zisome Surat at-Talaq mpaka mwisho, vijana wanaooa waisikie kabla hawajaihitaji.

Mama wa Kibirizi ameomba asikilizwe upya na amekubaliwa. Kikao ni Jumatano ijayo baada ya swala ya Alasiri. Nitakuja naye, inshaallah. Yeye atakuja na daftari lake na mimi nitakuja na msahafu wangu, na ukurasa wa Surat at-Talaq nimekwisha kuuwekea uzi.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa madrasa,
Ujiji